Shimo lile lile: sheria ya Kiyahudi inavyomshughulikia anayetubu na kurudia

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, picha zile zile hurudi mitandaoni: barabara kuu za Israeli ni tupu, na watoto wanaendesha baiskeli katikati ya lami. Ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambapo Wayahudi washika dini hufunga kwa takriban saa 25 bila chakula wala tone la maji. Chini ya picha hizo maoni nayo hayabadiliki. Mmoja anauliza: kwa hiyo hawa wanatenda dhambi mwaka mzima, kisha siku moja inafuta yote? Mwingine anamjibu kwamba ndivyo, tena wana sala ya kufuta viapo, basi ahadi ya Myahudi haina uzito.

Tuanze na huyu wa pili, maana habari yake ni fupi. Sala anayoisema inaitwa Kol Nidre, yaani "nadhiri zote", nayo husomwa jioni Yom Kippur inapoingia. Inahusu nadhiri ambazo mtu amejiwekea mwenyewe mbele ya Mungu. Deni, mkataba, kiapo ulichomwapia mwenzako, vyote hivyo havimo. Uzushi huu uliwaponza Wayahudi wa Ulaya kwa karne nyingi, hata mahakamani wakalazimishwa kula viapo vya pekee vya kuwadhalilisha. Si jambo la kuliendeleza kwa mzaha.

Yule wa kwanza naye alishajibiwa zamani. Mishna, mkusanyo wa sheria zilizokuwa zikifundishwa kwa mdomo, uliokamilishwa yapata mwaka 200, inasema wazi kwamba anayesema "nitatenda dhambi na Yom Kippur itanisafisha", Yom Kippur haimsafishi. Na anayesema "nitatenda kisha nitatubu, nitatenda tena kisha nitatubu tena", hapewi nafasi ya kutubu. Inaongeza kwamba kosa kati ya mtu na Mungu husafishwa siku hiyo, lakini kosa kati ya mtu na mwenzake halisafishwi mpaka amridhishe mwenzake. Ukimwibia jirani mbuzi, funga hata siku arobaini. Mbuzi bado anadaiwa.

Ila chini ya swali hilo limelala jingine gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Vipi kuhusu yule asiyepiga hesabu? Anayelia kweli, anaapa kweli, na baada ya wiki mbili yuko pale pale? Huyo hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Ndiye anayefuta programu ya kubeti kwenye simu Jumatatu na kuipakua tena Jumamosi mechi zikianza. Je, naye ni yule yule ambaye Mishna imemfungia mlango?

Kabla ya kujibu, tuelewane kwa maneno. Sheria ya dini ya Kiyahudi inaitwa Halakha, neno linalotokana na kitenzi cha kwenda, kama tunavyosema "mwenendo". Chimbuko lake ni Torati, vitabu vitano vya Musa, pamoja na Mishna na Talmudi, ambayo ni bahari ya mijadala ya marabi wa Babeli na nchi ya Israeli. Toba kwa Kiebrania ni teshuva, na maana yake ya msingi ni kurudi. Msemaji wa Kiswahili hapa yuko nyumbani, kwa sababu "toba" yetu tuliipata kwa Waarabu, na kwao pia wazo ni lile lile la kurudi. Halafu kuna neno ambalo bila hilo hutaelewa lolote: yetzer ha-ra, msukumo mbaya ulio ndani ya mtu.

Wengi wakisikia "msukumo mbaya" wanafikiria pepo la kukemewa litoke. Ni kweli yupo rabi katika Talmudi aliyesema kuwa Shetani, msukumo mbaya na malaika wa mauti ni kitu kimoja. Lakini fikra iliyotawala ni nyingine, na inashangaza kidogo. Marabi waliuliza kwa nini Mungu, baada ya kumuumba binadamu, aliona kila kitu kuwa "chema sana" na si "chema" tu. Jibu mojawapo: "sana" ile ndiyo msukumo mbaya. Pasingekuwa nao, mtu asingejenga nyumba, asingeoa, asingezaa, asingefanya biashara. Talmudi inasimulia kwamba siku moja wahenga walifanikiwa kuukamata msukumo wa tamaa na kuufungia siku tatu. Wakatafuta yai moja bichi la siku hiyo katika nchi nzima ya Israeli, wasilipate. Kuku walikuwa wameacha kutaga. Ikabidi waufungulie, ingawa waliudhoofisha kwanza.

Kwa hiyo sheria haikutungwa kwa ajili ya mtu asiye na tamaa. Imetungwa kwa ajili ya mwenye nyumba ambaye ana mgeni msumbufu asiyeweza kumfukuza moja kwa moja. Mfano huo wa mgeni si wangu. Rabi Rava, wa karne ya nne, alisema msukumo huo kwanza huitwa mpita njia, baadaye huitwa mgeni, mwishoni huitwa mtu, yaani, kwa ufafanuzi wa wafasiri, mwenye nyumba. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rava anamzungumzia mgeni ambaye siku ya tatu anakupa jembe wewe. Rabi mwingine alieleza jambo hilo kwa namna nyingine: mtu akitenda kosa na kulirudia, linakuwa kwake kama halali. Maana yake si kwamba linahalalishwa. Dhamiri inaacha kupiga kelele, na hiyo ndiyo hatari halisi ya dhambi ya kujirudia.

Sasa sheria inamtazamaje mkosaji? Haiwaweki wote kapu moja. Kuna aliyelazimishwa, na huyo hana hatia. Kuna aliyeteleza kwa kutojua au kusahau. Kuna aliyefanya makusudi, na ndani ya kundi hilo Halakha inatofautisha anayevunja amri kwa tamaa na anayeivunja kwa ukaidi ili amuudhi Mungu na watu wake. Tofauti hiyo ina matokeo ya kila siku. Chukua suala la nyama. Myahudi mshika dini anakula nyama iliyochinjwa kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Je, mtu anayejulikana kula nyama haramu kwa uroho anaweza kukuchinjia? Rava anajibu: kagua kisu, mpe, na unaweza kula alichochinja. Sababu yake ni ya mtu anayewajua wanadamu: huyu hana ugomvi na sheria, ana njaa tu. Ukimwekea halali na haramu kwa urahisi ule ule, hataiacha halali akafuate haramu.

Jibu hilo limejificha ndani ya mambo ya buchani, lakini nadhani lina kila kitu. Anayeanguka kwa tamaa hapewi hotuba. Anapewa kisu kilichokaguliwa. Kazi ya walio karibu naye, na yake mwenyewe, ni kupanga mambo ili njia iliyo sawa isiwe ndefu kuliko ile iliyopinda.

Kutoka hapo tunafika kwenye uzio. "Wekeni uzio kuizunguka Torati" ni usemi ulioko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha Mishna kinachoitwa Avot. Sisi tungesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnadhiri, yaani mtu aliyeweka nadhiri ya kutogusa divai wala zabibu, anaambiwa: zunguka, zunguka, usilikaribie shamba la mizabibu. Hakatazwi kutembea karibu na mizabibu kwa sababu kutembea ni dhambi. Anakatazwa kwa sababu watu wanajua kinachofuata. Vivyo hivyo kuna sheria ya yihud, inayowazuia mwanamume na mwanamke wasiooana kujifungia faraghani wawili peke yao. Watu wa nje huiona kama tusi: ina maana hamuaminiani? Naam, na si tusi. Sheria haiulizi wewe ni mcha Mungu kiasi gani. Talmudi inasema hata kwamba kadiri mtu anavyomzidi mwenzake kwa ukubwa, ndivyo msukumo wake unavyokuwa mkubwa.

Kisa kingine cha Talmudi kinachoonyesha hilo ni cha Amram, aliyeitwa Mcha Mungu, na ni kisa nisichochoka kukisimulia. Wanawake waliokuwa mateka walikombolewa na kuletwa Nehardea, mji wa Babeli, wakalazwa darini nyumbani kwa Amram, kwa kuwa nani angekuwa salama kuliko yeye? Ngazi ikaondolewa. Ilikuwa nzito, watu kumi hawakuweza kuinyanyua. Usiku mmoja wa wanawake alipita, mwanga ukaanguka kwenye uwazi wa dari, na Amram akaona. Akaishika ngazi ile peke yake, akaisimika, akaanza kupanda. Alipofika katikati alikita miguu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Moto nyumbani kwa Amram!" Marabi wakaja mbio. Walipoona hakuna moto wakamwambia, umetuaibisha. Akajibu kwamba ni heri waaibike kwa ajili ya Amram katika ulimwengu huu kuliko katika ule ujao.

Angalia alichofanya. Hakupambana kimoyomoyo. Hakusema "mimi ni rabi, nitajizuia". Uzio wa ngazi ulivunjika, akatumia uliobaki, yaani macho ya watu. Anayejua kumpigia rafiki simu usiku wa manane na kusema "njoo, nisipopata mtu nitakunywa" anafanya kitu kile kile. Si ajabu kwamba rabi Abraham Twerski, Mhasidi (mfuasi wa vuguvugu la ucha Mungu la Wayahudi wa Ulaya Mashariki) aliyekuwa pia daktari wa magonjwa ya akili na aliyeanzisha kituo cha kutibu uraibu huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 1972, alifundisha kwa miaka mingi kuwa vikundi vya kusaidiana vya walevi na mafundisho ya marabi vinazungumza lugha moja.

Uzio ukivunjika na kosa likafanyika, ndipo toba inaanza. Aliyeipanga vizuri kuliko wote ni Musa bin Maimun, maarufu kama Maimonides, mzaliwa wa Córdoba huko Hispania aliyefariki Misri mwaka 1204. Kwake toba ina viungo vinne: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kuliungama kwa mdomo. Kuungama huko ni mbele ya Mungu. Hakuna chumba cha padri wala mtu wa kukusamehe kwa niaba yake. Na anayeungama huku hajaacha, anasema akitumia mfano wa Talmudi, ni kama anayezama kwenye maji ya utakaso akiwa ameshika mdudu najisi mkononi. Maji ya bahari zote hayatamsaidia mpaka amtupe mdudu.

Halafu anauliza: toba kamili ni ipi? Ni pale mtu anapojikuta tena mbele ya kosa lile lile, ana uwezo wa kulitenda, na asilitende kwa sababu ametubu, si kwa woga wala kwa kuishiwa nguvu. Aliyeacha wizi kwa sababu goti limemuuma na hawezi tena kuruka ukuta, toba yake inapokelewa, lakini si hiyo. Hapa pana kosa la kueleweka vibaya: wapo wanaodhani basi waende wakajijaribu, wapite mbele ya baa waone kama watashinda. Sala ya asubuhi ya Kiyahudi inasema kinyume. Kila siku mtu anaomba asiletwe kwenye jaribu.

Lakini jamii itajuaje kwamba mtu amerudi kweli? Hapa sheria inakuwa kali na, kwa maoni yangu, ya busara sana. Talmudi inawataja wacheza kamari ya dadu, ambao ushahidi wao mahakamani haukubaliki. Wanahesabiwa wametubu lini? Watakapovunja dadu zao na kugeuka kabisa, hata wasicheze bure. Neno "bure" ndilo lenye uzito. Kijana anayesema "sibeti tena, ninatabiri tu na wenzangu bila pesa" bado hajavunja dadu. Wakopeshaji wa riba nao watubu kwa kuchana hati zao za madeni wenyewe. Kuhusu mchinjaji aliyekamatwa akiwauzia watu nyama haramu kama halali, haikutosha kwake kuachia nywele na kucha zikue kwa majonzi. Walimtaka aende mahali asikojulikana, na huko aonekane akirudisha kitu cha thamani kubwa kilichopotea, au akitupa nyama yake mwenyewe ya thamani kubwa baada ya kugundua ni haramu. Ni mtego ule ule uliomnasa, mfuko wake mwenyewe, safari hii hakuna anayemjua wala wa kumpigia makofi.

Wakati huo huo walijihadhari wasiufanye mlango uwe mwembamba mno. Mtu aliiba boriti akaijengea jumba. Kwa haki kamili, jumba libomolewe boriti irudi. Marabi wakaamua alipe thamani yake tu, kwa ajili ya kuwarahisishia wanaorudi. Wanasimulia sababu ya agizo jingine linalofanana na hilo: mwizi mmoja alitaka kutubu, mkewe akamwambia, mjinga wewe, ukitubu hata mkanda uliofunga si wako. Akaghairi.

Basi tumrudie rafiki yetu wa Jumatatu na Jumamosi. Maimonides anasema azimio la anayetubu liwe la namna ambayo Mungu ajuaye siri anaweza kushuhudia kwamba hatarudia kosa hilo kamwe. Kwa anayeanguka mara kwa mara, sentensi hiyo ni kama hukumu ya kifo. Akianguka tena, si ina maana toba ya kwanza ilikuwa ya uongo? Wafasiri waliokuja baadaye walilishughulikia hilo, na jibu lililoenea ni kwamba ushahidi unahusu moyo wa mtu wakati ule anapotubu. Kama wakati ule azimio lilikuwa la kweli, toba ilikuwa ya kweli. Anguko la kesho ni deni jipya, halifufui la zamani. Na hapo ndipo anapotengana na yule wa Mishna. Yule alitumia toba kama sarafu ya kununulia dhambi, aliitaja kabla ya kutenda. Huyu hakuitaja, aliifikia baadaye, kwa magoti.

Sitaki nionekane ninasema mambo haya yana majibu laini. Leon Modena, rabi wa Venice aliyeishi kati ya 1571 na 1648, alikuwa mwanachuoni wa kuheshimika na mhubiri aliyevuta watu, na pia mtumwa wa kamari. Utotoni aliandika mjadala kuhusu ubaya wa mchezo huo. Ukubwani alipoteza fedha, akaacha, akarudi, akaacha, akarudi, na yote akayaandika kwa mkono wake katika kumbukumbu za maisha yake bila kujipamba. Viongozi wa jamii walipotaka kuipiga marufuku kamari kwa adhabu ya kumtenga mkosaji, Modena aliipinga marufuku hiyo. Unaweza kusema alikuwa anajitetea, na pengine ni kweli. Lakini inawezekana pia alijua jambo ambalo wanaopitisha amri hawakulijua: mzigo juu ya asiyeweza kubeba humwongezea kosa tu.

Ndiyo maana marabi hawakupenda sana nadhiri kama dawa. Mtu anayeapa kutogusa pombe, akigusa, ana makosa mawili sasa, pombe na kiapo. Mpaka leo utawasikia Wayahudi washika dini wakiahidi jambo na kuongeza maneno bli neder, bila nadhiri, kama sisi tunavyosema inshallah. Palipo na hatari kubwa nadhiri iliruhusiwa, tena marabi walisita kumfungulia mtu nadhiri ya kutocheza kamari hata akiwaomba. Ila haikuwa hatua ya kwanza.

Linabaki suala la huzuni. Nje, wengi huamini kwamba dini inataka mkosaji ajisikie mchafu, na kadiri anavyojichukia ndivyo anavyotubu vizuri. Shneur Zalman wa Liadi, mwanzilishi wa tawi la Kihasidi la Chabad, aliandika mwishoni mwa karne ya 18 kinyume kabisa. Anatoa mfano wa watu wawili wanaopigana mieleka: mmoja akiwa mzito na mvivu ataangushwa upesi, hata kama ana nguvu kuliko mwenzake. Majonzi ndiyo yanayoleta uzito huo. Na wazo chafu likimjia mtu asiwe na huzuni, anasema, maana kulisukuma kando ndiyo kazi aliyopewa. Huenda aliumbwa kwa kazi hiyo hasa. Anayehuzunika kwa sababu bado anajaribiwa anajidhania kuwa mtakatifu, jambo ambalo ni kiburi kilichovaa nguo za unyenyekevu.

Turudi kwenye Yom Kippur yenyewe, maana kuna kitu ambacho picha za baiskeli hazionyeshi. Siku nzima watu wameungama, tena kwa wingi, "tumekosa", mstari kwa mstari kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiebrania, wakijipiga kifua taratibu. Jua linapozama inasaliwa Neila, sala ya kufungwa kwa malango. Pembe ya kondoo inapulizwa. Umesamehewa, umekonda, mdomo umekauka, na harufu ya chakula inatoka nyumbani. Lakini kabla mtu hajaondoka sinagogi kuna sala ya kawaida ya jioni, ile ya kila siku ya juma, na katika baraka yake ya sita kila mmoja anasema: "Tusamehe, Baba yetu, maana tumekosa."

Zimepita dakika chache tu.